Noti ya kasha au noti ya wazi: ipi ununue kwenye mnada wa mtandaoni?

Tuseme unatafuta noti ya shilingi 20 ya kwanza ya Benki Kuu ya Tanzania, ile ya buluu ya mwaka 1966 yenye sura ya Mwalimu Nyerere. Mnadani unazikuta mbili kwa wakati mmoja. Moja imefungwa kwenye kasha la plastiki la PMG, kampuni inayopima hali ya noti, na lebo yake inasoma 64, yaani pointi 64 kati ya 70. Nyingine iko wazi: muuzaji ameweka picha mbili, ya mbele na ya nyuma, na kichwa cha tangazo kinasema UNC, yaani noti mpya isiyotumika. Ya kasha inaanza na bei ya juu zaidi, tena kwa mbali.

Hapo watu huamua kwa tabia zao. Mwenye hofu huchukua ya kasha, anayejiamini huchukua ya wazi. Kwa maoni yangu swali la kwanza linapaswa kuwa jingine: muuzaji anadai noti hii iko daraja gani? Kasoro zinazoishusha noti kutoka madaraja ya juu ndizo ambazo kamera huzikosa. Kasoro za madaraja ya chini kamera inazinasa bila shida yoyote. Tundu, doa la kutu, kona iliyokatika, mpasuko, vyote vinaonekana hata kwa simu ya bei ndogo. Mkunjo mmoja mwepesi uliopigwa pasi hauonekani. Kwa hiyo fedha unayolipia plastiki ina kazi kubwa juu ya ngazi, na kadiri unavyoshuka kazi hiyo inapungua hadi kuisha.

Ngazi yenyewe

Kipimo kinachotumiwa na wakusanyaji wengi ni cha IBNS, chama cha kimataifa cha wakusanyaji wa noti kilichoanzishwa 1961. UNC ni noti ambayo haijapata kushikwa vibaya: pembe kali, karatasi safi na ngumu, hakuna hata alama ya kuhesabiwa. AU inaruhusiwa alama ya kuhesabiwa benki kwenye kona, au mkunjo mmoja mwepesi wa katikati, lakini si vyote viwili, na mkunjo huo usiwe umevunja uso wa karatasi. EF inaruhusiwa mikunjo miepesi isiyozidi mitatu, au mmoja mkali. VF ina mikunjo kadhaa ya wima na ya mlalo, uchafu kidogo, na karatasi bado ina ugumu wake. F imezunguka sana mitaani. Kingo zake zinaweza kuwa na mipasuko midogo, ila isiingie ndani ya mchoro. VG imelegea, ina matundu ya pini, pengine na kitundu katikati pale mikunjo inapokutana, lakini hakuna kipande kilichopotea. Chini ya hapo ni noti chakavu kwa maana kamili.

Ukiisoma ngazi hiyo polepole utaona kwamba tofauti ya UNC na EF ni mikunjo miwili mitatu tu, wakati tofauti ya VF na VG unaiona ukiwa umesimama mlangoni. Na bei huruka zaidi huko huko juu, ambako jicho linasaidia kidogo.

Kampuni zinazofunga noti kwenye makasha, kama PMG ya Marekani iliyoanza 2005, hutumia pointi hadi 70. Wauzaji wa Ujerumani na Ufaransa nao wana vipimo vyao, na hilo linatuhusu sana. Noti za Afrika Mashariki ya Kijerumani huuzwa kwa wingi na Wajerumani, na za Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi huuzwa na Wabelgiji na Wafaransa. Ulinganisho wa makadirio ni huu:

| IBNS | Pointi 70 | Kijerumani | Kifaransa |
|---|---|---|---|
| UNC | 60–70 | I (kfr) | NEUF |
| AU | 50–58 | I– | SPL |
| EF | 40–45 | II | SUP |
| VF | 20–35 | III | TTB |
| F | 12–15 | IV | TB |
| VG | 8–10 | V | B |

Angalia safu ya mwisho. Noti ya Kongo iliyoandikwa TB ni F tu, noti iliyokunjwa sana na kuzunguka sana, hata kama tangazo limepambwa vipi. Kwenye pointi 70 napo, 35 inaweza kumtisha mgeni akadhani ni nusu ya alama, kumbe ni VF nzuri iliyokaribia EF.

Noti ya wazi, na picha unazopaswa kudai

Picha ya skana ndiyo wauzaji wengi huiweka, na ndiyo inayopendeza zaidi. Skana hulaza noti chini ya kioo, huibana, kisha huimulika moja kwa moja. Mkunjo huonekana kwa sababu ya kivuli chake, na skana inakiua kivuli. Hivyo picha ya skana itumie kuangalia rangi, madoa, kingo na namba za mfululizo. Kwa mikunjo usiiamini hata kidogo.

Mwombe muuzaji picha mbili zaidi. Ya kwanza apige kwa simu karibu na dirisha, noti ikiwa imelazwa mezani na mwanga ukitoka upande mmoja, chini chini, ili kila mkunjo utoe kivuli. Ya pili aiinue noti mbele ya taa. Hapo yatajitokeza matundu ya pini, sehemu ambako karatasi imekuwa nyembamba, mipasuko iliyogandishwa kwa gundi, matundu yaliyozibwa, na alama ya maji, ile picha iliyofichwa ndani ya karatasi. Muuzaji mkweli hupiga picha hizo kwa dakika chache. Akikataa, au akajibu kwamba picha zilizopo zinatosha, mimi humshusha daraja moja zima kwenye hesabu yangu, na kama alisema UNC huiacha noti kabisa.

Ukishazipata picha, anza na pembe nne. Pembe huchakaa mapema, na hakuna pasi inayozirudisha. Kisha linganisha pembe na uso. Vitu hivi viwili lazima vikubaliane. Noti yenye pembe zilizoviringika lakini uso laini kabisa usio na mkunjo hata mmoja inakuambia kwamba imelowanishwa na kugandamizwa. Huo ndio ushahidi bora unaoweza kuupata kwenye picha, na watu wengi huupita kwa sababu wanatazama sura iliyochorwa badala ya karatasi.

Halafu fuata mstari wa katikati kutoka juu hadi chini. Kuza picha pale mkunjo unapokata mchoro mzito, kwa mfano mapambo yanayozunguka thamani ya noti. Ukiona uzi mweupe mwembamba ukipita juu ya wino, wino umevunjika na mkunjo ni mkali. Noti hiyo si AU tena, hata kama tangazo linasema AU. Ukiona kivuli tu, huku wino ukiwa mzima, mkunjo ni mwepesi. Baada ya hapo nenda kwenye eneo jeupe la alama ya maji. Halina mchoro wa kuficha kitu, kwa hiyo uchafu wa vidole hujitokeza hapo kwanza, na ndipo makarani walipopenda kuandika hesabu ya bunda kwa kalamu.

Nyuma ya noti tazama pale namba za mfululizo zilipo upande wa mbele. Namba zilichapwa kwa kugandamizwa, na kwenye noti ambayo haijaguswa alama yake huvimba kidogo upande wa pili. Mwanga wa pembeni unaionyesha. Noti iliyopigwa pasi huwa bapa hapo kama karatasi ya daftari.

Kuosha ni janga jingine, na linatukuta sana kwa sababu noti nyingi za zamani zilikaa pwani, kwenye unyevu, zikaota madoa ya kahawia. Mtu akiziosha, madoa hupungua, rangi hupauka, karatasi hulegea, kisha wengine huitia wanga ili irudishe ugumu. Kwenye picha utaona weupe uliozidi umri wa noti. Ikishafika mkononi, ipitishe chini ya taa ile ile ya madukani ya kukagulia noti bandia. Karatasi ya pamba ya noti za kabla ya Vita Kuu ya Pili hubaki na giza. Sabuni za unga za siku hizi zina viongeza weupe ambavyo hung'aa buluu chini ya taa hiyo, na hukaa ndani ya karatasi miaka na miaka.

Kuna pia wanaokata kingo ili kuondoa mipasuko. Dai rula iwekwe kando ya noti kwenye picha, ulinganishe na vipimo vya katalogi, na uangalie kama ukingo mweupe uko sawa pande zote.

Noti ya kasha: unachokinunua na usichokinunua

Faida kuu ya kasha ni kwamba mtu asiye muuzaji ameishika noti ile, ameinamisha kwenye mwanga, ameipima, na ameandika anachokiona. Kwa noti inayodaiwa kuwa UNC hiyo ni faida kubwa. Herufi EPQ kwenye lebo ya PMG zinasema karatasi iko katika hali yake ya asili, haikuoshwa wala kugandamizwa, na kwa kampuni hiyo noti haipandi kufika 65 bila herufi hizo. Kati ya 64 yenye EPQ na 64 isiyonayo, nitachukua ya kwanza kila mara, hata kwa bei ya juu kidogo, kwa sababu isiyonayo huenda mtu aliigusa.

Lakini wauzaji wengi huonyesha lebo ya mbele tu. PMG huandika maelezo ya kasoro kwenye lebo ya nyuma: matundu ya pini, kutu, wino, imewahi kubandikwa, imekarabatiwa. Ukiona daraja limefuatwa na neno Net, ujue kuna tatizo kubwa, na bei yake haipaswi kufanana na ya noti safi ya namba ile ile. Tangazo lisilo na picha ya nyuma ya kasha ni tangazo pungufu. Iombe, na kabla hujaweka dau ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Daraja litatokea, na mara nyingi picha ya noti pia. Linganisha namba ya mfululizo na doa moja moja, maana makasha ya bandia yapo, na yapo makasha halali yaliyofunguliwa na kutiwa noti nyingine.

Usichokinunua ni hisia ya karatasi. Huwezi kuigusa, huwezi kusikia mlio wake, na plastiki hung'aa kwenye picha. Namba yenyewe ni maoni ya watu wenye ujuzi, na watu hutofautiana. Noti ikipelekwa mara mbili inaweza kurudi na 63 na 64. Kwa hiyo kati ya noti mbili za 64 bado kuna iliyo nzuri zaidi. Angalia ukingo ulivyo sawa, rangi ilivyo hai, kisha chagua kwa macho yako.

Usisahau gharama. Ada ya kampuni na usafirishaji wa kwenda na kurudi huingia kwenye bei. Noti ya Zaire ya miaka ya 1990 unaweza kuipata mpya kabisa kwa bei ndogo sana, na kasha lake hugharimu kuliko noti yenyewe. Hapo kasha halina maana.

Kati ya njia hizi mbili ipo ya tatu, nyumba za mnada zenye wataalamu wa noti: Spink na Noonans za London, Heritage na Stack's Bowers za Marekani. Zote zinapokea dau kwa mtandao. Huko noti ya wazi huelezwa na mtu anayejua anachokitazama, na unaweza kuomba taarifa ya hali ya noti kabla ya siku ya mnada. Soma masharti: kamisheni ya mnunuzi mara nyingi hufika asilimia 20 au kupita. Kama ni asilimia 25, dau la pauni 200 linakuwa 250 kabla ya usafirishaji. Na mafurushi ya noti nyingi kwa pamoja mara nyingi hayarudishwi.

Kwa noti zetu, ningechagua hivi

Noti za kwanza za Tanzania na Kenya za 1966, ukizitaka UNC, nunua za kasha. Tofauti ya bei kati ya UNC na EF ni kubwa mno kuachia picha. Ukizitaka VF, nunua za wazi, na fedha uliyookoa kwenye plastiki itumie kupata noti yenye rangi nzuri. Noti ya VF yenye rangi hai na karatasi isiyooshwa inapendeza kuliko EF iliyopigwa pasi, na mtu atakayeinunua kwako kesho ataona hivyo pia.

Ukanda wenye hatari kubwa ni ule wa EF na AU za wazi. Noti hizo bei yake haijafikia kumlazimisha muuzaji azipeleke kufungwa, lakini imepanda vya kutosha kumshawishi mtu aipige pasi VF yake. Kama picha ya mwanga wa pembeni haipo, toa dau la VF.

Noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zinataka subira. Zilitumika kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika hadi Zanzibar kuanzia 1936, na Aden baadaye, kwa hiyo zinaibuka kwenye minada ya nchi nyingi. Zile za Malkia Elizabeth za thamani kubwa ni adimu katika madaraja ya juu, na sababu inaeleweka: mfanyakazi wa kawaida hakuwa na uwezo wa kuweka shilingi 100 kando kama kumbukumbu, na fedha ilipobadilishwa miaka ya 1960 watu walizirudisha benki. AU ya wazi ya shilingi 100 inayouzwa kwa bei ya kutupa inahitaji maelezo, na maelezo mara nyingi ni maji na pasi. Kwa toleo la 1964, lenye mashua ziwani, inua noti kwenye mwanga utafute alama ya maji ya kifaru. Ukiwa tayari kuridhika na F yenye matundu ya pini, nunua ya wazi bila wasiwasi, kwa kuwa kila kitu kinaonekana.

Noti za dharura za Wajerumani za 1915 hadi 1917 zina sheria yao. Meli zilikuwa zimezuiwa na Vita Kuu ya Kwanza, benki ya koloni ikachapa hapa hapa nchini kwa karatasi iliyopatikana, na saini nyingi zikatiwa kwa mkono. Ukingo uliokatwa mshazari, wino uliofifia upande mmoja na karatasi nene kuliko ya noti jirani ni mambo ya kuzaliwa nayo, si uchakavu. Anayetumia kipimo cha noti za De La Rue, wachapaji noti wa Uingereza, ataziadhibu bure. Rupia moja ya namna hii nunua ya wazi kutoka kwa muuzaji anayezijua, na macho yako yaende kwenye mikunjo, kutu na saini. Noti ya msituni, yaani noti ya dharura ya 1917, yenye VF halisi ni kitu cha heshima, usisubiri UNC.

Kwa noti za rupia za Serikali ya Zanzibar, zilizoanza 1908 na zenye picha ya jahazi na ya wachuma karafuu, siwezi kumshauri mtu yeyote anunue ya wazi kwa picha, awe Unguja, Muscat au London. Ni chache mno, bei zake ni kubwa mno, na nakala za kuchapisha zinauzwa kila mahali. Nenda nyumba ya mnada yenye jina, au chukua ya kasha ambayo cheti chake umekihakiki, na uulize noti ilitoka mkononi mwa nani. Hapa hata daraja linakuwa jambo la pili. VG halali ya Zanzibar ina thamani kuliko UNC nyingi za nchi nyingine.

Kifurushi kikifika

Fungua huku simu ikirekodi, tangu bahasha ikiwa imefungwa. Noti ya wazi ishike kwenye kingo, iweke chini ya mwanga wa pembeni, halafu mbele ya taa, halafu chini ya taa ya kukagulia. Linganisha na picha za tangazo, ambazo ulipaswa kuzihifadhi kabla hazijafutwa. Kama noti haifanani na maelezo, mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo ukitaja kasoro moja moja na mahali ilipo: "mkunjo mkali wa wima katikati, wino umevunjika, haupo kwenye maelezo". Lalamiko la namna hiyo ni gumu kulikataa kuliko "noti si UNC". eBay humpa mnunuzi siku 30 tangu kupokea kudai kitu kisicholingana na tangazo. Nyumba za mnada zina muda wao, usome kabla ya kuweka dau. Noti ukiirudisha, itume kwa posta ya rejista yenye bima, ndani ya kadibodi mbili ngumu.

Ukiamua kubaki nayo, itoe kwenye plastiki laini yenye harufu aliyoitumia muuzaji. Plastiki hiyo, PVC, hutoa mafuta yanayoganda kwenye karatasi. Iweke kwenye mfuko wa Mylar, plastiki isiyo na PVC, mbali na jua na unyevu.